Timu ni Yako, Ichukue

Nardasht, 14 Farvardin 1388

Mahrokh, mboni ya jicho langu,

Barua hii ikukute umekaa kivulini, maana najua huko Bandar-e Shur jua limeshaanza kula watu. Hapa theluji bado iko mlimani. Wifi yako Batul ni mzima, goti lake ndilo gonjwa, na siku hizi analisimulia kuliko anavyowasimulia wajukuu. Mimi ni mzima wa kila kitu isipokuwa masikio, na hayo niliyaacha kwenye mitambo ya kufumia zamani, kwa hiyo usihangaike na simu. Batul akipokea ananieleza nusu ya uliyosema, na hiyo nusu yenyewe ni ya kwake.

Nyumba imepwaya tangu mlipoondoka baada ya Nairuzi. Mwambie binti yako Parastu samaki wake mwekundu wa Nairuzi bado yu hai kwenye bakuli. Namlisha kabla sijajilisha mwenyewe.

Sasa nikwambie yaliyonitoa macho. Imekuja barua ya ligi, kurasa nne. Wanataka chumba cha wageni kiwe na maji ya moto. Sisi wenyeji tu tunaoga kwa ndoo! Wanataka viti arobaini vyenye migongo kwa ajili ya waandishi wa habari. Mwandishi wa habari wa Nardasht ni mmoja, yule fundi viatu, naye huandika akiwa amesimama kwa sababu ya bawasiri. Halafu wanataka mdhamini mwenye muhuri kabla ya mwisho wa mwezi wa Tir, la sivyo timu yetu Bafandegan inafutwa daraja la pili. Mdhamini! Kiwanda chetu cha kufumia kilipofungwa, wenzetu wote walikimbia na mafao yao, wakabaki watu wawili wa kuiandikisha timu kwa majina yao isife: mimi mtunza jezi na marehemu Haj Rahim. Tangu hapo mdhamini wetu ni Mungu, na Yeye hagongi mihuri.

Lakini Mhandisi, mumeo, alinifurahisha. Alisimama nami kando ya uwanja siku ile ya mvua, viatu vyake vya ngozi vikazama kwenye tope, hakunung'unika. Akasema kwa sauti ya mimi kusikia, "Kaka Yadollah, timu nzuri sana hii!" Nikamjibu kama mtu aliyelelewa. Na kwenye kadi yake ya shukrani kaisifu tena, basi nami narudia kwa maandishi nisije nikaonekana mchoyo. Mwambie Mhandisi: timu ni yake. Aichukue, pamoja na nyavu zake, na mimi mwenyewe juu yake. Haina thamani mbele ya macho yake.

Doa hilo pembeni ni la Batul, kaniwekea gilasi ya chai juu ya karatasi. Zimebaki mechi saba, tuko nafasi ya tisa, hatuna wasiwasi.

Nikufie mimi kabla yako,
Kaka yako Yadollah


Bandar-e Shur, 6 Ordibehesht

Kaka Mkubwa, kivuli cha kichwa changu,

Nakusalimu na mkono nakubusu. Sisi ni wazima. Parastu amelia kwa furaha juu ya samaki, kisha akalia tena kwa sababu samaki hayuko hapa. Wifi Batul mwambie apake goti mafuta ya kondoo yenye chumvi, ingawa najua atasema mama yetu alijua dawa nyingine bora.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani, tulikuwa na wageni wa kampuni. Nilipofika kwa fundi viatu walicheka mpaka wali ukawapalia. Mhandisi aliichukua akamwonyeshe Mkurugenzi, na mpaka leo hajairudisha. Nilitaka niiweke na nyingine kwenye sanduku langu, unajua ninavyozitunza.

Kuna jambo limenipiga butwaa, nikuhadithie. Petro Shur, kampuni yao, imejenga uwanja. Nyasi zinanyweshwa maji matamu ambayo sisi majumbani hatuyapati ila siku mbili kwa wiki. Taa kubwa nne, viti elfu sita, vyote vina migongo. Na hawana timu! Paka wanalala katikati ya dimba. Nilimuuliza Mhandisi, mnawezaje kujenga kitanda kabla ya mtoto kutungwa mimba? Akasema kutoka ligi ya wilaya mpaka daraja la pili ni miaka mitano, na Mkurugenzi hana miaka mitano.

Anakuuliza hivi: tangu Haj Rahim afariki, Mungu amrehemu, timu iko kwa jina lako peke yako? Kama ndivyo, andika mistari michache useme hivyo, na utume nakala ya kitambulisho. Anasema ni mambo ya udhamini. Sikumuuliza zaidi. Unajua anavyokuwa akiulizwa.

Kipa wenu Eyvaz bado anachoma mkate alfajiri na kudaka mipira mchana?

Dada yako Mahrokh


Nardasht, 3 Khordad

Mahrokh wangu,

Mungu akupe kila ulichoomba na hata ulichosahau kuomba! Udhamini! Batul kachoma uvumba wa kufukuza kijicho nyumba nzima mpaka jirani akaja na ndoo ya maji.

Tu wazima, lakini tumetoka kaburini. Kaa chini usome. Ile timu ya machimboni, tuliyoifunga nyumbani na kwao, imesambaratika katikati ya msimu. Basi lao lilichukuliwa, kocha akaondoka na basi. Ligi ikatangaza kwamba matokeo yao yote yamefutwa. Yote! Pointi zetu sita zikafutika kama chokaa kwenye mvua. Tulilala nafasi ya tisa, tukaamka ya kumi na tano. Nilisoma karatasi ile mara nne, nikadhani macho nayo sasa yamefuata masikio. Yaani unamshinda mtu mara mbili, anakufa, halafu wewe ndiye unayezikwa.

Ikabaki mechi ya mwisho, sare ilitutosha. Eyvaz alikuwa ameungua kiganja kwenye tanuri siku mbili kabla. Kipa mwingine ni mwanafunzi, alikuwa na mtihani. Nikamfunga Eyvaz kitambaa, nikavuta glavu juu yake, akauma ukosi wa jezi asipige kelele. Dakika ya themanini na nane, penalti dhidi yetu. Sikuweza kutazama. Nikageukia paa la kiwanda, wanakokaa wanawake kwa kuwa uwanjani hawaruhusiwi, nikamtazama Batul. Kusikia sisikii, basi nilingoja shungi lake. Likapaa hewani! Akalivua kabisa, Mungu amsamehe. Eyvaz alikuwa ameuzuia mpira kwa kile kiganja kibovu. Bila bila. Tumebaki.

Nakala ya kitambulisho hii hapa. Ndiyo, timu iko kwa jina langu peke yangu. Mwambie Mhandisi sitaki makubwa: jina la kampuni kifuani, maji ya moto, na muhuri mmoja kabla ya mwisho wa Tir. Msemee neno moja mumeo, wewe uliyekuwa ukishona namba za jezi zetu ukiwa na miaka tisa. Namba saba yako ilikuwa imepinda, na bado ndiyo ninayoipenda.

Nikufie,
Yadollah


Bandar-e Shur, 9 Tir

Kaka,

Joto halisemeki. Parastu ana vipele. Nimemtuma dereva wa basi na ndimu kavu kilo mbili kwa Wifi, za supu ya nyama, azitoboe kwanza zisiwe chungu.

Mhandisi anasema jambo linakwenda vizuri, usihangaike.

Nimewaza, kwa nini wewe na Wifi msihamie huku? Chumba kipo. Kampuni inaweza kukupa kazi ya jezi, yenye bima. Goti lake lingefurahia joto. Fikiria tu.

Mahrokh


Nardasht, 8 Mordad

Mahrokh,

Salamu. Batul mzima. Samaki amekufa.

Siku kumi kalamu imenikataa. Leo nimeishika kwa nguvu.

Muhuri wa Mhandisi haukuja, na Tir ilikuwa inaisha. Eyvaz akaingia kwenye chama chao cha waoka mikate, akawapigia magoti wazee wa kila tanuri, na wakakubali. Waoka mikate wa Nardasht, wadhamini wa Bafandegan! Wakaniandikia karatasi, muhuri wao una picha ya mkate. Na birika la maji ya moto wakatuwekea, linachemka kwa joto la tanuri. Tarehe 28 nikavaa koti la harusi nikaenda mjini, ofisi ya ligi ya mkoa. Nilikuwa na furaha hata nikamnunulia dereva peremende.

Karani ni kijana mwenye adabu. Akauliza, "Timu gani, Baba?"

"Bafandegan ya Nardasht, daraja la pili."

Akatazama kompyuta yake, akanitazama. "Hiyo haipo."

"Haipo vipi? Juzi nimefua soksi zake!"

Midomo yake niliisoma lakini sikuiamini, nikamwomba aseme kwa nguvu. Akapiga kelele, ofisi nzima ikasikia, mimi wa mwisho: "IMEHAMIA BANDAR-E SHUR! INAITWA PETRO SHUR! SI WEWE MWENYEWE ULIYEITOA?"

Akafungua jalada. Mahrokh, mlikuwa na barua yangu mle. Barua yangu ya Farvardin, na doa la chai la Batul pembeni. Mstari mmoja umepakwa rangi ya njano, unasema: Mwambie Mhandisi: timu ni yake. Aichukue, pamoja na nyavu zake. Chini yake kitambulisho changu, na ile mistari yangu kwamba niko peke yangu.

Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni taarofu! Maneno ya adabu! Mtu anasifu koti lako unamwambia chukua, naye anakataa mara tatu, mnacheka, mnakunywa chai! Nani asiyejua?"

Akainamisha kichwa. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi, ninacho hapa: "Baba, fomu ina safu ya jina, ya tarehe na ya sahihi. Safu ya taarofu haina. Una mpaka 20 Shahrivar kukata rufaa Tehran."

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshanitangulia. Wanne wa vijana wetu walikuwa wameshachukuliwa na gari la kampuni. Mlango wa stoo ya jezi umeandikwa kwa rangi: ULIKULA KIASI GANI? Na jambo dogo, nashindwa kulimeza. Miaka yote nikienda kununua mkate Eyvaz huniambia, "Chukua tu, Baba, haina thamani kwako," nami nakataa, nalipa. Asubuhi ile nilisimama mbele ya tanuri. Hakuinua macho. Akasema, "Mia tatu." Basi. Mia tatu. Nikalipa, nikatoka, na mkate sikuweza kuula. Sasa hakuna mtu Nardasht anayenifanyia taarofu. Wananijibu kama mashine.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nilidhani wanasema juu ya chawa.

Nakuuliza swali moja. Ulijua?

Yadollah


Bandar-e Shur, 25 Mordad

Kaka,

Sina salamu ya kutosha, naiacha.

Nilijua.

Si siku ya kwanza. Mezani alipochukua barua nilidhani ni kwa kicheko. Mwanzoni mwa Tir nikakuta nakala kwenye mkoba wake, na ule mstari umepakwa njano. Nikamwambia Mhandisi, "Foroutan, hii ni taarofu, hata Parastu anajua." Akasema, "Karatasi haina taarofu. Kaka yako atapata kazi, timu itapata nyasi, nani ameumia?" Kisha akasema nikikuandikia neno lolote nikumbuke nyumba hii ni ya kampuni. Nikakaa chini, nikakuandikia juu ya ndimu.

Nilijiambia labda ni heri. Timu inakufa huko, huku itaishi. Niliamini hivyo mpaka Ijumaa iliyopita. Aliwaleta wale wanne nyumbani kwa chakula cha mchana. Hawakujua mimi ni nani. Nikaingia na sinia, na yule winga mwembamba, Shahin, akasema kwa lafudhi ya kwetu, "Bibi, huu wali kama wa Nardasht." Halafu akamwambia mwenzake, "Baba Yadollah alitufulia soksi miaka sita, kumbe alikuwa anatunenepesha atupeleke sokoni." Sinia lilianguka. Wali wote sakafuni. Foroutan akacheka akasema mke wangu ana presha.

Ndiyo mahali nilipoliona nililofanya. Wewe ulinivisha kofia ya kijana nilipokuwa na miaka minane, ukanipitisha getini ndani ya furushi la jezi ili nione mechi moja kwa macho yangu. Na mimi nimekupitisha wapi?

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, nimeiandika kwa kalamu nyeusi na kuweka dole gumba. Inasema barua ile iliandikwa kwangu, kwamba ni maneno ya adabu, kwamba mume wangu alijua hivyo, na kwamba mimi nilimwambia. Ipeleke Tehran kabla ya tarehe 20. Usinifikirie mimi. Nyumba hii haina thamani mbele yako.

Bahasha nampa dereva wa basi, posta siiamini tena.

Mahrokh


Nardasht, 4 Shahrivar

Mahrokh,

Karatasi yako iko mbele yangu. Nimeisoma, Batul ameisoma, tumeifunika kwa Kitabu.

Siipeleki.

Siku tatu nilikuwa na hasira nawe, sitakuficha, nilikuita majina ambayo Batul alijifanya hasikii. Lakini kisha nikasoma mstari wa mwisho. "Usinifikirie mimi. Nyumba hii haina thamani mbele yako." Hayo ni maneno yangu! Ndivyo ninavyosema mimi! Ninajuaje kama unamaanisha? Nikiipeleka, unatoka kwenye nyumba ile, na Parastu anabaki upande upi? Foroutan alichukua neno la adabu akaligeuza hati. Mimi nikilichukua la kwako, nina tofauti gani naye? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimekuwa nashtuka hata Batul akiniambia karibu chai.

Kwa hiyo nakataa, mara ya kwanza, kama inavyotakiwa. Rudisha jibu kwa dereva huyo huyo. Ila ujue tarehe 20 haina adabu, haitungoji.

Kaka yako


Tehran, nyumbani kwa Shangazi Tuba, 21 Shahrivar

Kaka Mkubwa, kivuli cha kichwa changu,

Sikurudisha jibu. Kukataa mara tatu kungetufikisha mwezi wa Aban. Nilipopata barua yako nilimchukua Parastu, sanduku moja na barua zako zote, nikapanda basi, safari ya saa kumi na nane. Nakala nyingine ya ushahidi niliyokuwa nimeificha kwenye gunia la mchele nilikuja nayo. Nimeipeleka mwenyewe. Shangazi ananilisha na kunilaani kwa zamu.

Jana kamati ya rufaa ilikaa. Usingeamini. Wazee watatu, meza ndefu, feni mbovu. Foroutan alifika kwa ndege na wakili. Aliponiona pale rangi ilimtoka usoni.

Mwenyekiti ni mzee mnene mwenye pumu. Akaniuliza, "Bibi, huyu kaka yako maneno kama haya huyasema mara ngapi?"

Nikasema, "Mheshimiwa, fundi bomba akija kwetu humwambia nyumba hii ni yako. Mpaka leo fundi hajahamia."

Wawili wakacheka. Wakili hakucheka. Akasema sheria ni maandishi, na Mhandisi akaongeza kwa upole wake ule kwamba yeye ni mtu wa hesabu, hujenga juu ya kilichoandikwa, hakuwa na sababu ya kudhani shemeji yake anasema asichokusudia.

Mwenyekiti akasema vizuri, tusaini mahudhurio kwanza. Foroutan hakuwa na kalamu. Mzee akatoa ya kwake mfukoni, nyeusi, ina pete ya dhahabu. Foroutan akasaini, na unajua tabia zake za kujipendekeza, akasema, "Kalamu nzuri sana hii, Mheshimiwa."

Mzee akasema, "Ni yako. Chukua. Haina thamani."

"Hapana, hapana, astaghafiru, imependeza mkononi mwako."

"Nimesema chukua, Mhandisi."

"Haiwezekani! Mungu akuwekee." Na akaisukuma mezani kwa mikono yote miwili.

Mzee hakuipokea. Aliiacha pale katikati ya meza. Feni ikazunguka. Akavuta pumzi kwa taabu yake ya pumu, akamwambia, "Mbona hukuichukua? Nimekupa, mbele ya mashahidi saba."

Kaka, nimeolewa naye miaka kumi na mitatu, jana ndiyo mara ya kwanza kumwona akimtazama wakili amjibie. Wakili akaanza kukusanya karatasi.

Uamuzi wenyewe uko ndani ya bahasha hii, una mihuri mitatu. Cheti cha daraja la pili kimerudi Nardasht, kwa jina lako. Ligi inaanza wiki ya kwanza ya mwezi ujao wa Mehr, na usajili unafungwa siku nne kabla. Wale vijana wanne mikataba yao imebatilika, ila wana hiari kubaki huko kwenye nyasi. Shahin nimempigia simu. Akauliza kama zile soksi bado zipo.

Foroutan alinisimamisha ngazini. Akasema nisirudi. Nilitegemea neno hilo, nilisafiri nikiwa nimelibeba, na bado lilinipiga kama mlango. Parastu alikuwa amenishika mkono.

Sasa nakuuliza, na nakuomba unijibu bila adabu hata chembe. Una nafasi?

Mahrokh


Nardasht, 27 Shahrivar

Mahrokh,

Bahasha yako nimeifungua mbele ya tanuri, kwa sababu nilitaka mtu mwingine aisome, macho yangu yalikuwa hayashiki. Eyvaz alisoma. Alisoma mara mbili, mikono yote unga, kisha akakaa juu ya magunia na kulia kwa sauti ambayo nadhani hata mimi niliisikia. Wateja walisimama foleni mpaka barabarani, hakuna aliyelalamika. Mkate wa tanuri zima uliungua.

Tuna wachezaji tisa. Wawili ni waoka mikate, na mmoja wao ana kitambi. Shahin amefika jana kwa basi, hakunisalimia, alikwenda moja kwa moja stoo akaanza kuufuta mlango kwa petroli. Yale maneno bado yanasomeka ukitazama kwa upande. Nimemwambia ayaache.

Leo asubuhi nilikwenda kununua mkate. Eyvaz akanikunjia miwili kwenye gazeti, akasema, "Chukua tu, Baba, haina thamani kwako." Nikakataa. Akasema tena, nikakataa. Mara ya tatu akanisukumia mkono wenye pesa mpaka kifuani kwangu, nikaurudisha, nikaweka mia tatu juu ya mbao. Akazipokea. Nilitembea mpaka nyumbani nikiuma mkate ungali moto, nikiwa na miaka sabini na mmoja, nalia barabarani.

Sasa jibu lako. Chumba cha juu Batul ameshakifagia. Bakuli la Parastu lina samaki mpya, na jezi namba saba haijashonwa namba, inakungoja uipinde.

Wewe nakuambia mara moja tu, na nina maana ya kila herufi: njoo.

Yadollah